Tazama kwanza pa kuangukia: kuchagua shule ya serikali Tanzania, Kenya, Uingereza, Minnesota na Ufini

Wifi yangu ni muuguzi Muheza. Amepata kazi Uingereza, na papo hapo khalati yake aliyeko Minnesota anamsihi asubiri makaratasi ya Marekani yakamilike. Binti yake, ambaye mimi ni shangazi yake, ana miaka 10 na yuko darasa la tano. Wifi alinipigia usiku, watoto wamekwisha lala, akaniuliza swali moja tu: "Wifi, niambie ukweli. Shule za serikali za wapi ndizo nzuri?"

Nilimwomba siku mbili za kufikiri. Uzuri wa shule unaujua ukishaingia getini, shule moja baada ya nyingine. Kwa nchi nzima swali hilo halijibiki. Lakini nchi zinalinganishika kwa mambo mawili ambayo mzazi anaweza kuyajua kabla hajafunga mizigo: nini kinachoamua mtoto aingie shule gani, na mtoto anaangukia wapi mzazi akikosa alichokitaka. Hilo la pili wengi tunaliruka. Mimi nililiruka nilipomwombea mwanangu shule hapa Uingereza, na dada yangu aliyeolewa Malindi akaliruka mwaka 2025. Tuliumia sawasawa.

Kwa kifupi, hali iko hivi. Tanzania kinachoamua ni alama za darasa la saba na kata unayoishi. Kenya ni alama pamoja na orodha uliyoijaza. Uingereza ni orodha, kisha masharti ya kila shule, na mara nyingi sharti zito ni umbali. Minnesota ni anwani. Ukitaka zaidi ya hapo unaomba, na waombaji wakizidi nafasi inapigwa kura. Ufini ni ujirani: manispaa inampa mtoto shule ya karibu, na wazazi wengi wanaridhika nayo.

Kenya: mistari 12

Mwaka 2025 watoto wa kwanza wa mtaala mpya walimaliza Gredi ya 9, zaidi ya milioni 1.1. Kila mmoja alitakiwa kuchagua shule 12 za sekondari pevu, tena kabla ya kukalia mtihani. Unaanza na mkondo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo unachagua michepuo mitatu ya masomo, na kila mchepuo unaupa shule nne. Kati ya hizo 12, tisa ni za bweni na tatu ni za kutwa zilizo karibu na nyumbani. Shule zenyewe zimegawanywa makundi manne, C1 hadi C4: C1 ni zile zilizokuwa zikiitwa za kitaifa, na C4 kwa sehemu kubwa ni za kutwa.

Nilikuwa kwenye simu ya video dada alipoitandaza ile fomu mezani, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Mstari wa kwanza ulijazwa polepole, kwa kalamu mpya, na kila aliyepita sebuleni alikuwa na neno lake. Shemeji akataja shule aliyosoma bosi wake. Jirani akataja nyingine ya Nairobi. Tulipofika kwenye zile tatu za kutwa, chai ilikuwa imepoa na mtu akasema, "Hizo andika zozote." Zikaandikwa zozote, kwa dakika mbili.

Mtoto wake, ambaye kwangu ni mwanangu maana mimi ni mama yake mdogo, alipangiwa mojawapo ya hizo tatu. Kutoka kwao ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika pale. Alikuwa amechagua mchepuo wenye Fizikia, na siku dada alipokwenda kuripoti naye ndipo alipoambiwa kwamba maabara ni moja, inatumiwa kwa zamu na masomo yote ya sayansi.

Ningekuwa na nafasi ya kuijaza tena fomu ile na dada, ningeanzia chini. Ningekwenda kwenye zile shule za kutwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, nione kama walimu wako darasani, niulize mwalimu wa kila somo la mchepuo ni nani, nihesabu nauli ya mwezi. Kisha ningepanda juu. Na upande wa juu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakulipigia hesabu: alama za kupangiwa hazitokani na mtihani mmoja. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, unachangia asilimia 60, ule wa Gredi ya 6, KPSEA, unachangia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinachangia 20 zilizobaki. Maana yake siku unajaza fomu, asilimia 40 imekwisha andikwa. Mtoto aliyepata wastani huko nyuma hana sababu ya kujaziwa C1 mistari yote tisa ya bweni. Mtandazie: chache za kujaribu, nyingi za saizi yake.

Pesa nazo ziingie hesabuni mapema. Karo ya zile za kitaifa iliwekewa kikomo cha shilingi 53,554 kwa mwaka, na juu yake kuna godoro, sanduku, nauli ya likizo na vikorokoro vya orodha ya kuripoti. Ya kutwa masomo yanalipiwa na serikali, lakini chakula cha mchana, sare na matatu ni vyako.

Uingereza: karatasi isiyopenda nafasi tupu

Hapa niseme kosa langu wazi, maana nimewasikia wengine wakijiandaa kulirudia. Mwanangu wa kwanza alipokuwa mwaka wa sita wa msingi, nilisikia kwa kina mama wenzangu kwamba ukiandika shule moja tu, halmashauri haina budi kukupa hiyohiyo. Halmashauri zote zinakupa nafasi zisizopungua 3, na London ni 6. Mimi nikaandika moja, nikaacha nyingine tupu, nikalala usingizi wa kushiba. Tarehe 1 Machi ikaja barua pepe: mtoto amepewa shule ambayo sikuwahi hata kuisikia jina. Mabasi mawili.

Utaratibu wenyewe hauna siri, ila hakuna aliyenieleza. Shule haiambiwi kama umeiandika ya kwanza au ya tatu. Inawapanga waombaji wote kwa masharti yake iliyoyatangaza, kisha halmashauri inakupa iliyo juu zaidi kwenye orodha yako kati ya zile zilizo na nafasi yako. Kwa hiyo kuandika ya pili na ya tatu hakupunguzi hata chembe uwezekano wa kupata ya kwanza. Ukiacha tupu, unasubiri kila aliyejaza apewe chake, halafu mtoto wako anatafutiwa palipobaki.

Masharti yanafanana sehemu nyingi. Mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye mpango wake wa kisheria unaitaja shule hiyo huingia bila kushindanishwa. Wanafuata watoto walio chini ya uangalizi wa serikali au waliowahi kuwa chini yake. Halafu kwa kawaida ni wenye ndugu shuleni, kisha umbali kutoka mlangoni, ambao halmashauri nyingi huupima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Shule za dini huweka sharti la ibada, na padri au mchungaji hutia saini. Zimebaki pia shule 163 zinazochagua kwa mtihani wa umri wa miaka 11, hasa Kent, Buckinghamshire na Lincolnshire. Huko usajili wa mtihani hufungwa kabla hata fomu ya kawaida haijafungwa.

Kila halmashauri ina kijitabu cha maombi, kipo bure kwenye tovuti yake, na vingi huonyesha mtoto wa mwisho aliyeingia kwa umbali mwaka uliotangulia alikaa mbali kiasi gani. Nilikuja kukisoma baadaye. Mtoto wa mwisho kuingia shule niliyoiandika alikaa kama mita 700 kutoka getini. Sisi tulikaa kilomita moja na nusu. Jibu langu lilikuwa limechapishwa miezi mitano kabla sijajibiwa.

Tarehe hazina huruma. Sekondari: fomu mwisho 31 Oktoba, majibu 1 Machi. Msingi: mwisho 15 Januari, majibu 16 Aprili. Ukikosa, una haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru, na jina la mtoto linaweza kukaa kwenye orodha ya kusubiri, ambayo kisheria lazima iendelezwe angalau hadi 31 Desemba ya mwaka wa kuingia. Wangu alipata nafasi Novemba, akaanza upya kutafuta marafiki wakati wenzake wamekwisha zoeana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mabasi.

Neno moja kuhusu wakaguzi. Wengi wa nyumbani bado wananiuliza kama shule fulani ina lile daraja la juu la Ofsted, ofisi ya ukaguzi wa shule. Daraja la neno moja kwa shule nzima liliondolewa Septemba 2024. Isome ripoti yenyewe, sehemu ya tabia na mahudhurio hasa.

Minnesota: barabara moja, wilaya mbili

Kwa Marekani nazungumzia Minnesota tu, kwa sababu ndiko khalati wa wifi aliko, na kwa sababu nchi ile ina wilaya za shule zipatazo 13,000, kila moja na mambo yake. Minnesota ndiyo iliyotangulia katika hili: mwishoni mwa miaka ya 1980 iliruhusu mtoto kusoma wilaya asiyoishi, na mwaka 1991 ikatunga sheria ya kwanza ya shule za charter, yaani shule za umma zisizo na ada ambazo huendeshwa na bodi zake zenyewe.

Pamoja na hayo yote, chaguo la kwanza bado ni nyumba. Chukua Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi. Mji ni mmoja, lakini sehemu yake iko wilaya ya shule ya Osseo, sehemu Anoka-Hennepin, na kipande kiko Robbinsdale. Dalali wa nyumba atakuambia "ni Brooklyn Park", na huo ndio ukweli, ila hautoshi. Weka anwani yenyewe kwenye tovuti ya wilaya kabla ya kusaini mkataba wa pango.

Ukitaka wilaya nyingine, fomu ya mwaka unaofuata mwisho wake ni 15 Januari. Wakizidi, kura. Na hapa pana mtego kwa familia yenye gari moja au isiyo nalo: basi la manjano la wilaya uliyoiomba linawajibika ndani ya mipaka yake. Kumfikisha mtoto mpakani ni kazi ya mzazi. Januari ya Minnesota, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji magotini, mzazi ametoka zamu ya usiku. Mimi shule nzuri ya kuombewa nje ya wilaya ningeipa alama pungufu kwa sababu hiyo tu.

Faraja ni kwamba lango la kuingilia liko wazi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1982, iitwayo Plyler v. Doe, shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji. Charter zinachukua kwa kura, si kwa mtihani. Na tangu 2023 Minnesota inawapa wanafunzi wote wa shule za umma kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, jambo linalobadilisha bajeti ya mama mwenye watoto watatu.

Nimeulizwa pia kuhusu "kuazima anwani" ya ndugu. Usifanye. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alilala jela siku tisa kwa kuwaandikisha watoto wake wilaya ya jirani kwa anwani ya baba yake. Uingereza adhabu yake ni nyepesi lakini inauma vilevile: nafasi inaondolewa, hata mtoto akiwa amekwisha shona sare.

Tanzania

Kwetu mzazi hajazi orodha ya kidato cha kwanza. Mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba, TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, inapanga. Wenye alama za juu kabisa wanachaguliwa shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala, Msalato. Wengine kidogo wanapata bweni. Walio wengi wanakwenda shule ya kata. Tangu 2016 hakuna ada hadi kidato cha nne, na baadaye kidato cha tano na cha sita navyo vikaingizwa.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua anachagua mapema zaidi, bila fomu yoyote: kwa kata anayopanga nyumba, na kwa shule ya msingi. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza karibu kwenye kila somo. Ndiyo maana shule za msingi za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga, zinagombewa hata kama zinatoza ada. Mimi nasema mzazi wa kawaida asijitese nazo. Aende shule ya kata atakayoangukia mtoto, miaka miwili kabla, aulize kuna walimu wangapi wa hesabu na sayansi, atembee ile njia kwa miguu saa kumi na moja jioni akiwa na binti yake. Kama njia si salama, muda wa kuhama nyumba upo. Uamuzi wa kujaza kwa mkono utakuja kidato cha nne, kwenye selform, yaani fomu ya machaguo, anapochagua tahasusi (mchanganyiko wa masomo) na vyuo, na huko dirisha la kubadilisha hufunguliwa baada ya matokeo.

Ufini

Nitasema machache, kwa sababu mzazi hana mengi ya kufanya. Familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili zilizopokelewa Ufini kama wakimbizi zinajua: manispaa inakutumia barua yenye jina la shule ya jirani, mtoto anaanza akiwa na miaka 7, chakula ni bure kwa wote tangu 1948, hakuna mtihani wa taifa katika elimu ya msingi wala jedwali la kushindanisha shule. Mtoto mgeni hupata kama mwaka mmoja wa darasa la maandalizi ya lugha kwanza. Mashindano yanakuja akiwa na miaka 15 au 16, wastani wa alama unapoamua sekondari ya juu. Katika nchi zote tano, hapa ndipo pa kuangukia panapotisha kidogo kabisa, na mimi napapenda kwa sababu hiyo kuliko sifa nyingine zote.

Swali la kuuliza kabla ya kujaza fomu yoyote

Muulize afisa, kwa maneno haya: "Nikiiandika shule ninayoipenda ya kwanza nikaikosa, nafasi yangu kwenye ya pili inapungua?" Jibu lake linabadilisha namna ya kujaza.

Boston walikuwa na utaratibu ambao shule ilijazwa kwanza na walioiandika namba moja. Ukikosa ya kwanza, ya pili yako tayari imejaa watu waliokuwa waangalifu kuliko wewe. Wazazi wenye muda walikutana kupanga mbinu. Mama mwenye kazi mbili aliandika ukweli wa moyo wake akaangukia pabaya. Mwaka 2005 Boston waliuacha. New York walikuwa wamekwisha badilisha wa kwao mwaka 2003 kwa msaada wa mwanauchumi Alvin Roth na wenzake. Kabla ya hapo watoto kama 30,000 kwa mwaka walipangiwa sekondari ambazo hawakuziandika popote. Mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya wakabaki kama 3,000. Roth alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, ambaye tangu 1962 alikuwa ameandika na David Gale hesabu iliyozaa utaratibu huo.

Uingereza iko upande wa New York, kuikosa ya kwanza hakupunguzi nafasi yako kwenye ya pili: andika unavyopenda, kwa mpangilio wa kweli, ila hakikisha mstari wa mwisho ni shule ambayo mtoto ana uhakika wa kuingia na wewe una uhakika wa kuivumilia.

Nikampigia wifi

Nilimwambia kwanza kwamba Uingereza darasa linapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa, si kwa darasa alilotoka. Binti wa miaka 10 kwa Muheza bado hajamaliza msingi. Hapa huenda akawa mwaka wa mwisho wa msingi, na fomu ya sekondari inamsubiri uwanja wa ndege. Akifika Septemba, ana wiki chache hadi 31 Oktoba. Akifika Januari, ataomba kwa kuchelewa, na waliochelewa huhudumiwa baada ya waliowahi. Minnesota hana mbio hizo: siku atakayoonyesha mkataba wa pango, wilaya inampa mtoto shule.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema anakuja Uingereza, kwa sababu kazi iko mkononi na makaratasi ya Marekani hayajulikani. Hakuuliza tena shule nzuri ni ipi. Aliuliza, "Hospitali inanipangia wapi?" Nikampa jina la mji, tukafungua kijitabu cha halmashauri ile, mimi huku yeye kule, hadi ukurasa wa shule ambazo mwaka jana hazikujaa. Ni mbili. Moja iko dakika 12 kwa miguu kutoka hospitali. Kesho napanda treni kwenda kuiona, saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani.